Handel Ainuka Tena

George Frideric Handel alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Halle, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa kinyozi na tabibu wa majeraha, naye alitaka mwanawe asome sheria apate kazi ya heshima. Lakini mtoto alipenda muziki kupita kitu cho chote. Siku moja mtawala mmoja alimsikia akipiga kinanda, akamsihi baba amwache afundishwe. Baba akakubali, na mtoto akapewa mwalimu.

Alipokuwa kijana Handel alikwenda Italia, akajifunza huko namna ya kutunga michezo ya kuimbwa. Mwaka 1710 alifika London, mji mkuu wa Uingereza, na baadaye akafanya makao yake huko. Watu wakubwa walimpenda. Mfalme George wa Pili alipotawazwa mwaka 1727, nyimbo zilizoimbwa kanisani alizitunga Handel.

Walakini sifa za watu hazidumu. Mwaka 1733 kundi la pili la waimbaji lilianzishwa mjini kushindana na lake. Gharama zikawa nyingi, na wasikilizaji wakapungua. Handel alifanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, na tena alikuwa mtu wa kula sana. Hata mwaka 1737, alipokuwa na umri wa miaka 52, mwili wake ulishindwa. Alipatwa na ugonjwa wa kupooza, mkono wake wa kuume ukakosa nguvu, na akili zake zikachafuka. Mwaka huo huo makundi yote mawili ya waimbaji yakaanguka. Basi mpiga kinanda hodari hakuweza kupiga kinanda, na mwenye mali alikuwa amepata hasara kubwa. Watu wengi walidhani kwamba kazi yake imekwisha.

Rafiki zake walimshauri aende Aachen, mji wa Ujerumani wenye chemchemi za maji ya moto. Kwanza hakutaka kwenda, maana mtu aliyevunjika moyo huona kila dawa kuwa ni bure. Mwisho walimshinda kwa maneno, akaenda. Alipofika alishika amri ya dawa kwa bidii, akikaa majini muda mrefu kuliko desturi ya wagonjwa wengine. Nguvu zikamrudia. Husimuliwa kwamba siku moja alitoka majini, akaenda kanisani, akapiga kinanda vizuri hata masista waliomsikia wakadhani ni mwujiza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi London, naye akashika kalamu tena.

Lakini msidhani ya kuwa taabu zake zilikwisha siku ile. Mwanzo wa mwaka 1741 mchezo wake mpya wa kuimbwa haukupendwa hata kidogo. Ndipo alipoiacha michezo ya namna ile asiitunge tena. Rafiki yake, Charles Jennens, alikuwa amemkusanyia maneno ya Biblia yahusuyo Mwokozi. Tarehe 22 Agosti Handel alianza kuyatungia muziki, na kwa muda wa siku 24 tu akamaliza kazi yote. Ndiyo wimbo mkubwa uitwao Masihi, ambao ndani yake imo ile Haleluya ambayo kwaya nyingi za kwetu huimba.

Wimbo huo uliimbwa mbele ya watu mara ya kwanza katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi, tarehe 13 Aprili 1742. Fedha zilizopatikana walipewa wagonjwa wa hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1750, Handel aliuimbisha wimbo huo kila mwaka kwa faida ya nyumba ya watoto waliotupwa mjini London.

Ugonjwa ulimrudia tena, na kisha macho yake yakaharibika hata akawa kipofu. Hata hivyo hakuacha kupiga kinanda mbele ya watu, akitumia moyo wake mahali pa macho. Tarehe 6 Aprili 1759 alikuwapo Masihi ilipoimbwa, na baada ya siku nane akafa. Alizikwa katika kanisa la Westminster, pamoja na wakuu wa Uingereza.

Wazee wetu husema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwanafunzi aliyeugua akapoteza muhula mzima, au aliyeshindwa katika mtihani akachukia vitabu vyake, na amkumbuke Handel. Yeye alikubali shauri la rafiki asipokuwa na nguvu ya kujishauri mwenyewe. Alishika dawa yake kila siku. Na alipopata nguvu kidogo, alirudi kazini.