Dijkstra, Mholanzi aliyezifundisha kompyuta kupishana kama treni

TRENI ya TAZARA itokayo Mbeya kwenda Makambako, mji uliokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi ulipoundwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012, hupita juu ya njia moja tu. Nyingine ikija kutoka upande wa Dar es Salaam, mojawapo hungoja stesheni mpaka mwenzake ipite. Dereva haingii kipande cha reli kabla ya kuruhusiwa, hata kama haoni kitu mbele yake.

Kanuni kama hiyo ndiyo Edsger Dijkstra aliyoiingiza katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hata jina alilichukua relini: semafori, yaani mlingoti wa ishara.

Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, Mei 11, 1930, baba yake akiwa mkemia na mama yake mwanahisabati. Alisoma fizikia Leiden, na mwaka 1952 akaanza kazi ya kutunga programu katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam. Kazi yenyewe ilikuwa ngeni mno. Alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, wasajili wa jiji walikataa kuitambua, ikabidi aandikwe kuwa mwanafizikia.

Wengi humkumbuka kwa kanuni ya kutafuta njia fupi kati ya miji, aliyoibuni mwaka 1956 kwa dakika 20 hivi, akiwa mkahawani na mchumba wake. Hata hivyo, jambo lililomtia hofu lilikuja na mashine iliyoitwa X1. Hiyo iliweza kuacha kazi katikati na kuhudumia chombo kingine kilichoiita, tena kwa wakati ambao hakuna aliyeweza kuutabiri. Kosa lingeweza kutokea mara moja, kisha lisionekane tena programu ikirudiwa. Suala hilo alilifanyia tasnifu ya udaktari mwaka 1959.

Hatari yake ni rahisi kueleweka. Chukua akaunti ya wanandoa yenye shilingi 100,000. Mume yuko Iringa, mke yuko Mbeya, na kila mmoja anatoa 60,000 wakati uleule. Ndani ya programu, maombi yao yanashughulikiwa na nyuzi mbili, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba. Zote mbili zikisoma salio kabla yoyote haijaandika, kila mmoja atalipwa na daftari litaonyesha zimebaki 40,000, ilhali 120,000 zimekwisha kutoka. Fundi akirudia jaribio huku mmoja akimtangulia mwenzake kwa sekunde moja tu, hesabu itatoka sawa kila mara.

Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha makala ya ukurasa mmoja iliyoonyesha jinsi mikondo mingi inavyoweza kupeana zamu bila kuingiliana. Wakati huo alikuwa profesa Eindhoven, ambako yeye na kikundi kidogo walijenga mfumo wa kompyuta ulioegemea semafori. Katika taarifa ya mwaka 1968 alieleza kuwa majaribio yalifichua makosa madogo tu ya uandishi, takriban moja kwa kila maagizo 500, na kila moja lilipatikana ndani ya dakika kumi.

Kufuli nazo zina balaa lake. Uzi mmoja ukishika ya kwanza na mwingine ukashika ya pili, kisha kila mmoja ukangoja ya mwenzake, zote hukwama milele. Aliwapa wanafunzi wake fumbo hilo katika mtihani, na baadaye Mwingereza Tony Hoare akalivika sura ya wanafalsafa watano wanaogombea uma mezani.

Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1972. Aliamini kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hayathibitishi kuwa halipo. Kwa hiyo usahihi sharti ujengwe tangu mwanzo. Katika hili alikuwa mkali kupita kiasi, kwani programu za leo huandikwa na mamia ya watu. Lakini mashine ya mionzi ya Therac-25 ilimpa haki. Kati ya 1985 na 1987 iliwaunguza wagonjwa sita huko Marekani na Kanada, kadhaa wakafa, na chanzo kimojawapo kilikuwa mikondo iliyopishana vibaya pale mhudumu alipochapa haraka.

Mwaka 1997 ilitokea zana iitwayo Eraser, ambayo haikungoja ajali itokee. Ilifuatilia kila data inayotumiwa na nyuzi kadhaa, na ikikosa kufuli moja inayoilinda daima, ilitoa onyo hata kama siku hiyo hesabu zilikuwa sahihi. Helgrind na ThreadSanitizer zilifuata.

Dijkstra mwenyewe, aliyehamia Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1984, aliendelea kuandika kwa kalamu ya wino, akaacha miswada zaidi ya 1,300. Saratani ilimuua akiwa Nuenen, Uholanzi, Agosti 6, 2002.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 14, 2003, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Katika kampuni moja ya Ohio king'ora cha kompyuta kilikuwa kimenyamaza, kwa sababu mikondo miwili iliandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wataalamu walihangaika kwa wiki kadhaa, na kosa lilijitokeza tu walipoichelewesha programu makusudi.