Florence Nightingale na Ufaafu wa Anwani ya Mchoro

Tangu shule ya upili, mwanafunzi wa fasihi huulizwa ajadili ufaafu wa anwani ya riwaya au tamthilia. Ni nadra kuulizwa hivyo mbele ya grafu. Hebu ichukuliwe chati ya kituo cha afya iliyoandikwa juu yake Utapiamlo Kakuma, basi. Kakuma ni mji. Kakuma pia ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Afisa aliye Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, hawezi kujua kama waliopimwa ni watoto wa wenyeji au wa wakimbizi, wala ni wa mwezi gani, na mgao wa chakula hutegemea jibu. Mtu aliyelielewa tatizo hili mapema hukumbukwa zaidi kwa taa aliyoibeba usiku wodini, na hapana shaka taa hiyo imemfunika mtakwimu.

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambao ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye ukwasi. Alipenda hesabu tangu utotoni, na ilimbidi awashawishi wazazi ili aruhusiwe kujifunza hisabati. Uuguzi nao ulihesabiwa kazi duni isiyomfaa binti wa tabaka lake. Hata hivyo, mwaka 1851 alikwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea, aliwasili Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wanawake 38. Askari walilazwa katika kambi chafu iliyokaa juu ya mifereji ya majitaka iliyoziba. Waliouawa na kipindupindu, kuhara damu na homa walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na majeraha. Machi 1855 tume ya usafi kutoka London ilifika, ikaizibua mifereji na kupitisha hewa majengoni. Vifo vikapungua sana.

Aliporejea Uingereza mwaka 1856, Nightingale alishirikiana na mtakwimu William Farr. Farr aliona takwimu zinapaswa kuwa kavu. Nightingale alitaka zimfikie waziri asiyekuwa na subira ya kusoma majedwali. Mchoro wake mashuhuri wa mwaka 1858 una duara mbili zilizogawanywa kwa miezi. Anwani yake inataja kinachoonyeshwa, yaani visababishi vya vifo, na inataja waliokufa, yaani jeshi lililokuwa Mashariki. Kila duara imeandikiwa miezi yake: Aprili 1854 hadi Machi 1855, kisha Aprili 1855 hadi Machi 1856. Maelezo yaliyo chini yanafafanua rangi: buluu ni maradhi yanayozuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyinginezo.

Majedwali yaliyouzaa mchoro huo yanadai uangalifu uo huo. Januari 1855, jeshi likiwa na wastani wa askari 32,393, maradhi yanayozuilika yaliua 2,761. Kiwango kilichotajwa ni 1,023 kwa kila 1,000. Msomaji asiyeambiwa kipimo atacheka: vipi wafe zaidi ya elfu katika elfu? Ni kiwango cha mwaka. Mauti ya Januari yangeendelea hivyo miezi kumi na miwili, jeshi zima lingekwisha. Katika kambi za wakimbizi kama Kakuma, vifo hupimwa kwa kila watu 10,000 kwa siku, na kifo kimoja kwa kipimo hicho ni ishara ya dharura. Januari ile, ikigeuzwa kwa kipimo hicho, inatoa takriban 28. Asingeandika kipimo, ulinganisho huu usingewezekana.

Hakupatia mara ya kwanza. Katika michoro ya awali alipima kiwango kwa urefu wa mstari kutoka katikati, likatokea umbo kama la mbawa za popo. Jicho husoma eneo, si urefu, hivyo miezi mibaya ilitiwa chumvi. Anwani nzuri isingeuokoa mchoro huo. Aliuchora upya kwa vipande vyenye umbo la kabari, akaeleza chini yake kwamba kinachopimwa ni eneo.

Chati nyingine ya mwaka huo ina neno moja kubwa juu, Mistari, ambalo peke yake halisemi kitu. Linalofuata chini yake ndilo anwani hasa: linaeleza kuwa vinalinganishwa vifo vya askari waliokuwa nyumbani Uingereza na vya wanaume wa kiraia wa umri uleule. Askari aliyelala kambini wakati wa amani alikuwa katika hatari ya kufa iliyokaribia maradufu ya raia. Mwaka huohuo wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika Chama cha Takwimu cha London.

Alifariki London tarehe 13 Agosti 1910. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey. Kaburini kwake, East Wellow, pameandikwa F.N., pamoja na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa.