Kawai Kanjiro: Mfinyanzi Aliyeacha Kutia Jina

Makala haya yanaangalia maisha ya Kawai Kanjiro (1890–1966), mfinyanzi wa Japani, kwa lengo la kujadili suala moja tu, nalo ni nafasi ya jina la fundi katika kazi ya mikono yake.

Kawai alizaliwa Yasugi, katika mkoa wa Shimane, kwenye familia ya maseremala. Hakujifunza ufinyanzi kwa kurithishwa na wazee, bali aliusomea katika chuo cha ufundi cha Tokyo, akahitimu mwaka 1914. Baadaye alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa kauri mjini Kyoto, ambako yeye na mwenzake Hamada Shoji walichunguza kwa majaribio mengi madini yanayoyeyuka motoni na kukivika chombo ngozi ing'aayo kama kioo. Mwaka 1920 alipata tanuri lake mwenyewe katika mtaa wa Gojozaka. Lilikuwa tanuri la vyumba 8 vilivyopangwa kwa ngazi mlimani, na wafinyanzi wa jirani walilitumia pamoja naye.

Maonyesho yake ya kwanza, yaliyofanyika Tokyo mwaka 1921, yalimpatia sifa kubwa. Vyombo vyake vilifuata mitindo ya kale ya China na Korea kwa ustadi usio na dosari. Hata hivyo, mwaka huohuo aliona maonyesho ya vyombo vya Korea yaliyoandaliwa na mwanafalsafa Yanagi Soetsu. Vilikuwa vyombo vya matumizi ya kila siku, vilivyofinyangwa na mafundi wasiojulikana. Kawai alianza kuutilia shaka ustadi wake mwenyewe.

Hamada aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1924, aliwapatanisha Kawai na Yanagi, ambaye awali alikuwa mkosoaji wake. Mwaka 1925 watatu hao waliunda istilahi mpya, mingei. Kimofolojia, neno hili ni ufupisho wa maneno mawili: minshu, yaani watu wa kawaida, na kogei, yaani sanaa za ufundi. Istilahi hiyo ilibeba dai zito kwamba uzuri wa kweli umo katika vyombo vya bei nafuu vilivyotengenezwa na watu wasiotafuta sifa. Tangu kipindi hicho Kawai aliacha kutia jina au mhuri kwenye vyombo vyake.

Je, aliweza kweli kuwa fundi asiye na jina? Ushahidi wa maisha yake unaonyesha pande mbili. Kwa upande mmoja, alishinda tuzo kuu mjini Paris mwaka 1937 na Milan mwaka 1957, lakini alikataa nishani ya utamaduni ya taifa, na pia hadhi ya hazina hai ya taifa, ambayo Hamada aliipokea mwaka 1955. Kwa upande mwingine, vyombo vyake viliuzwa ndani ya masanduku ya mbao ambayo aliyaandika jina lake kwa mkono. Aidha, baada ya vita vya pili vya dunia maumbo yake yaliachana na mtindo wa watu wa kawaida. Yakawa mapana, yasiyolingana pande zote, na yenye rangi kali zilizorushwa kwa brashi, kiasi kwamba mjuzi aliyatambua bila kuhitaji mhuri wowote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya Kawai yanaunga mkono methali hiyo na wakati huohuo yanaitatiza: chombo kizuri kilijiuza, lakini kilimtangaza pia fundi aliyetaka kujificha. Hivyo basi, kuondoa jina si sawa na kuondoa utambulisho. Mtindo nao ni aina ya jina, na hilo Kawai hakuweza kulifuta. Pengine thamani ya uamuzi wake haikuwa katika kufichika, bali katika kumlazimu mtazamaji akitazame chombo kwanza, kabla ya kuuliza ni cha nani.

Kawai alifariki Kyoto mwaka 1966. Nyumba yake, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1973, bado inalihifadhi lile tanuri.