Nyanya Monika, Somo Wetu



Wageni wengi hutuuliza kwa nini kwaya ilimchagua Mtakatifu Monika awe somo wake, ilhali Mtakatifu Sesilia ndiye somo wa wanamuziki wote. Monika anajulikana kama mama aliyelia miaka mingi akimwombea mwanawe Augustino, na hilo ni kweli. Lakini machozi hayo yamefunika mambo mawili tunayotaka msomaji ayajue leo: Monika alikuwa nyanya, tena aliimba.

Alizaliwa yapata mwaka wa 332 huko Thagaste, mji mdogo wa Afrika Kaskazini ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wazazi wake walikuwa Wakristo, lakini aliyemlea hasa ni mtumishi mzee wa kike, ambaye zamani alimbeba mgongoni hata baba yake Monika. Ajuza huyo alikuwa mkali. Wasichana wa nyumba ile hawakuruhusiwa hata maji ya kunywa kabla ya saa ya chakula. Hata hivyo, Monika alipotumwa kuteka divai kwenye pipa alianza kuonja, tone leo, tone kesho, hadi akawa anamaliza vikombe. Siku moja kijakazi waliyegombana naye akamwita mlevi. Neno lile lilimchoma, akaacha mara moja. Wanaodhani kwamba watakatifu huzaliwa wakiwa wamenyooka na wakisome kisa hiki tena.

Aliozwa kwa Patricius, diwani wa mji, mtu asiye Mkristo, mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Mama mkwe naye alikuwa amejazwa maneno na watumishi. Monika hakujibizana na yeyote. Alingoja hasira ya mume ipoe ndipo aseme lake, na mama mkwe alimshinda kwa heshima na uvumilivu. Pia alikuwa na kipawa ambacho kwaya yoyote inakihitaji kuliko hata sauti nzuri: wanawake wawili wakikosana, na kila mmoja akaja kwake na maneno machungu juu ya mwenzake, yeye alipeleka upande wa pili yale tu yaliyoweza kuwapatanisha. Mengine yalibaki kwake. Patricius alibatizwa muda mfupi kabla ya kufa, Augustino akiwa kijana wa miaka 17 hivi.

Kijana huyo alikuwa Karthago, masomoni. Huko aliingia dini ya Wamanikeo, akaishi na mwanamke bila ndoa, na yapata mwaka wa 372 wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus, jina lenye maana ya aliyetolewa na Mungu. Ndivyo Monika alivyopata mjukuu: nje ya ndoa, kwa mwana aliyeiacha imani. Kwa muda alikataa kukaa meza moja na Augustino, kisha akamkubali tena. Mwaka wa 383 Augustino alimdanganya na kupanda meli usiku kwenda Italia, huku mama akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari. Miaka miwili baadaye mama naye akavuka bahari. Dhoruba ilipowapiga, mabaharia waliozoea kuwatuliza abiria ndio waliotulizwa na mjane huyo.

Alimkuta mwanawe Milano, na hapo kuna jambo ambalo hatutamtetea somo wetu. Monika alimtafutia Augustino mchumba wa ukoo mzuri, na mama yake Adeodatus akarudishwa Afrika, akimwacha mwanawe nyuma. Augustino mwenyewe hakutuandikia hata jina la mwanamke huyo. Ndoa iliyopangwa haikufungwa kamwe, na kijana akabaki na baba na nyanya.

Katika mwaka wa 386 Justina, mama wa kaisari kijana Valentinian, alitaka kanisa moja la Milano wapewe Waario, waliokana kwamba Kristo ni sawa na Baba. Askofu Ambrosi alikataa. Waumini wakakaa ndani ya kanisa usiku na mchana, tayari kufa pamoja na askofu wao, na Monika alikuwa miongoni mwa waliokesha mstari wa mbele. Ili watu wasivunjike moyo, ukaanzishwa uimbaji wa tenzi na zaburi kwa namna ya makanisa ya Mashariki. Desturi hiyo ilienea karibu kila mahali. Kwa hiyo tunaposema kwamba waumini kuimba pamoja ni jambo la kawaida, tukumbuke kwamba kule Milano lilianza kanisa likiwa limezingirwa, na nyanya wa Thagaste akiwa ndani.

Majira ya vuli mwaka huo, Augustino akiwa ameongoka, familia ilikaa shambani Cassiciacum. Monika aliangalia nyumba na pia kushiriki mijadala ya wasomi wale. Katika mmoja wao alichangia kwa maneno ya utenzi wa Ambrosi aliokuwa akiujua kwa moyo. Katika Vijilia ya Pasaka ya mwaka wa 387, Ambrosi alimbatiza Augustino na Adeodatus pamoja, baba na mwana.

Wakaanza safari ya kurudi Afrika, lakini katika bandari ya Ostia homa ilimshika Monika. Miaka yote alikuwa ametaka azikwe Thagaste kando ya Patricius, na kaburi alikuwa ameshaliandaa. Sasa aliwaambia wanawe wamzike popote; aliomba tu akumbukwe altareni. Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa katika mwaka wake wa 56.

Adeodatus, kijana wa miaka 15 hivi, aliangua kilio kikubwa, na watu wazima wakamnyamazisha. Augustino alijizuia kwa nguvu; machozi yake yalitoka baadaye, akiwa peke yake kitandani. Waliofiwa hawakuweza kuanzisha wimbo. Rafiki yao Evodius ndiye aliyechukua kitabu cha Zaburi akaanza kuimba ile ambayo katika Biblia zetu ni ya 101, na nyumba nzima ikaitikia.

Wanakwaya wanaokesha nasi kwenye matanga wanajua kazi hiyo ya Evodius. Leo Zaburi hiyo tutaiimba baada ya Komunyo, tukiwakumbuka wanakwaya wetu marehemu. Besi wataanza, na waumini wote mnaombwa kuitikia.