Abdurrahman bin Auf: Sahaba aliyezunguka Madina kutafuta rai za watu

 

Leo tumependelea kuzungumzia maisha ya Abdurrahman bin Auf (RA), mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Wengi wetu tunamjua kwa utajiri wake, na katika hotuba za harusi hatukosi kumtaja kwa ile walima ya kondoo mmoja. Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao hatuutaji sana, nao ni ule wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta rai za Waislamu ili wampate kiongozi. Huo ndio tunaoukusudia, kwa sababu ya neno tunalolisikia kwenye baraza za misikiti kila uchaguzi unapokaribia: kwamba kura ni mambo ya kidunia, na kwamba kura ya mtu mmoja haiongezi wala haipunguzi kitu.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Zuhra, takriban miaka kumi baada ya Mwaka wa Tembo. Zama za ujahili akiitwa Abdu Amr, na aliposilimu Mtume (SAW) akambadilisha jina. Aliingia katika Uislamu kwa mkono wa Abubakar (RA), akiwa miongoni mwa watu wanane wa mwanzo. Alihamia Habasha, kisha Madina, na alifika huko hana kitu. Mtume (SAW) alimuunganisha udugu na Saad bin Rabii, Ansari mwenye mali, naye akataka kumgawia nusu ya mali yake yote. Abdurrahman alimuombea baraka, akaomba aoneshwe sokoni tu. Akaanza kwa kuuza jibini kavu na samli, na haukupita muda akaoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Alishiriki Badr. Siku ya Uhud alipata majeraha mengi, na imepokewa kuwa lile la mguuni lilimwacha akichechemea hadi mwisho wa umri wake.

Sasa tuje kwenye mambo mawili ya zama za Umar bin Khattab (RA), kwa kuwa bila hayo hatutaelewa kwa nini Waislamu walimwamini mtu huyu katika jambo zito lililofuata.

Umar alisafiri kuelekea Sham, na alipofika Sargh akapokewa na Abu Ubayda bin al-Jarrah na maamiri wenzake, wakampa habari kuwa maradhi ya tauni yameingia katika nchi ile. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakatofautiana. Aliwaita Ansari, nao wakatofautiana. Aliwaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Fat-h ya Makka, na hao wakaafikiana kuwa arudi na watu wake. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda hakuridhika, akaona huko ni kuikimbia kadari ya Allah, na Umar akamjibu. Wakati wote huo Abdurrahman hakuwapo, alikuwa katika haja zake. Alipofika akaeleza kuwa yeye analo la kusema, kwani alimsikia Mtume (SAW) akikataza kuingia katika nchi iliyopatwa na tauni, na pia kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah na akaondoka na watu wake. Jambo lililowagawa wakubwa wa Sahaba lilimalizwa na ushahidi wa mtu mmoja.

La pili linafanana na hilo. Umar alisita kuchukua jizya kwa Majusi, kwa kuwa hakuwa na hakika kama wanahesabiwa pamoja na Watu wa Kitabu katika hukumu hiyo, mpaka Abdurrahman aliposhuhudia kuwa Mtume (SAW) aliichukua kwa Majusi wa Hajar. Tafakari, ndugu msomaji: laiti angejiambia kuwa wapo wengi wenye elimu kuliko yeye, na kwamba sauti yake haitabadili kitu!

Katika hija ya mwisho ya Umar, mwaka 23 Hijria, zilimfikia habari akiwa Mina kuwa kuna mtu aliyesema kwamba Umar akifa atampa fulani bai'a, na jambo liishie hapo. Umar alighadhibika, akataka kuwahutubia mahujaji jioni ileile. Ni Abdurrahman aliyemshauri angoje mpaka Madina, kwa watu wenye kufahamu, asije akanukuliwa visivyo. Alipofika Madina, Umar alitangaza juu ya mimbari kuwa mwenye kumpa mtu bai'a bila ya kuwashauri Waislamu, basi asifuatwe.

Haikupita muda mrefu Umar akachomwa kisu katika Swala ya Alfajiri. Aliushika mkono wa Abdurrahman, akamtanguliza amalizie Swala. Kisha, akiwa kitandani mwake, aliwateua watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf (RA). Mwanawe, Abdullah, alimruhusu kuhudhuria tu, bila ya kuwa na fungu katika uongozi. Baada ya mazishi, Zubeir akamwachia Ali haki yake, Talha akamwachia Uthman, na Saad akamwachia Abdurrahman. Hapo Abdurrahman akajitoa mwenyewe katika kuutaka ukhalifa, kwa sharti kuwa wenzake wamwachie kazi ya kuchagua. Wakakubali.

Wanahistoria, akiwamo Ibn Kathir, wameeleza aliyoyafanya katika siku zile tatu. Aliwashauri wakubwa na wadogo, mmoja mmoja na makundi kwa makundi. Aliwaendea wanawake ndani ya sitara zao. Aliwauliza hata watoto wa vyuoni, na wasafiri na mabedui waliokuwa wakiingia Madina. Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu wetu wa sira alipita haraka mahali hapa ili awahi fitina za mwisho wa zama za Uthman, nasi tulikuja kulizingatia jambo hili tukiwa watu wazima. Tulizingatie zaidi hilo la wanawake, kwani wapo miongoni mwetu wanaume wanaowazuia wake na binti zao hata kwenda kujiandikisha, wakidhani hiyo ndiyo sitara.

Usiku wa mwisho alimgongea mlango mpwa wake, al-Miswar bin Makhrama, akamkuta amelala, akamweleza kuwa yeye katika siku zile hakupata usingizi wa kutosha. Akamtuma awaite Zubeir na Saad, akashauriana nao. Kisha akazungumza na Ali mpaka usiku ukaenda sana, kisha na Uthman mpaka wakatenganishwa na adhana ya Alfajiri. Baada ya Swala alisimama msikitini, akaeleza kuwa ameyaangalia mambo ya watu, akaona hawamlinganishi yeyote na Uthman. Akampa bai'a, na watu wakafuata. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 24 Hijria.

Hatusemi kuwa shura ile ilikuwa uchaguzi wa masanduku kama huu wetu. Haikuwa hivyo, na mwenye kulazimisha ifanane anaidhulumu historia. Tunachokiona ni kwamba mwenye rai alitafutwa mpaka nyumbani kwake, na alipoulizwa alijibu. Wapo wanazuoni wa zama zetu, kama Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan na Sheikh Yusuf al-Qaradawi (Allah awarehemu), waliozingatia kuwa kura ni shahada: mpiga kura anashuhudia kuwa huyu anafaa kubeba amana. Na Qur'ani katika Surat al-Baqara inawataka mashahidi wasikatae waitwapo, na inamhesabu mwenye kuficha ushahidi kuwa moyo wake una dhambi. Wapo wengine walioona kujiepusha ndio salama, na tunawaheshimu. Sisi tumeelemea kauli ya kwanza.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2010, waliojiandikisha walizidi milioni 20, na waliopiga kura hawakufika milioni 9. Hao wengine zaidi ya milioni 11 hawakuwa na hali moja. Yupo aliyekuwa mgonjwa au safarini, huyo ana udhuru. Yupo aliyewapima wagombea wote kwa dhamiri yake asimwone wa kumshuhudia, naye hatuthubutu kumtia makosani, maana kushuhudia uongo ni dhambi kubwa. Yupo aliyevunjika moyo kwa kuwa haamini kuwa kura itahesabiwa ilivyopigwa. Huyo ana malalamiko ya haki, na mzigo wa kumjibu uko juu ya wanaosimamia na kuhesabu, kwani hiyo nayo ni amana watakayoulizwa. Lakini yule aliyelala nyumbani kwa uvivu tu, kisha akakaa barazani miaka mitano akilalamikia barabara na dawa za hospitali, kwake hatukuona udhuru.

Abdurrahman bin Auf (RA) alifariki Madina mwaka 32 Hijria, akazikwa Baqii. Aliusia kila aliyekuwa hai katika watu wa Badr apewe dinari 400, wakapatikana watu mia moja, na Khalifa Uthman akachukua fungu lake pamoja nao. Na imepokewa kuwa siku ya kifo chake Ali bin Abi Talib (RA), ambaye bai'a ile ilimpita, alimshuhudia kwa wema, kuwa ameondoka duniani akiwa amepata maji yake safi na kuyatangulia machafu yake.