ABUNUWASI: MSHAIRI WA BAGHDAD ALIYEGEUZWA MCHEKESHAJI

Asubuhi yoyote ile, ukisimama Kamembe na kuwatazama watu wateremkao kuelekea mto Rusizi ili wavuke kwenda Bukavu, utasikia Kiswahili kikiamkiana na Kinyarwanda na Kimashi. Vitenge, sabuni na sambaza wa ziwani huuzwa na kununuliwa kwa lugha hiyo. Nayo haikuja mikono mitupu. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi huko Shangi, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 1898, na askari, wapagazi na wachuuzi wa zama hizo ndio waliokieneza Kiswahili katika pande hizi. Mtu asafiripo na lugha yake husafiri pia na hadithi zake. Miongoni mwa wasafiri wa Kiswahili wasiolipa nauli wala kuonyesha hati mpakani, hakuna aliyefika mbali kuliko Abunuwasi.

Nani katika wasemaji wa Kiswahili asiyemjua? Huyu ndiye aliyeazima sufuria kwa jirani yake, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akidai kwamba ile kubwa ilikuwa na mimba na sasa imezaa. Jirani, kwa tamaa yake, akaipokea faida hiyo bila ya kuuliza neno. Mara ya pili Abunuwasi hakurudisha kitu, bali alileta habari za msiba kwamba sufuria imefariki. Jirani alikwenda kushtaki, lakini kesi ikamshinda, maana aliyekubali kwamba sufuria huzaa hawezi kukataa kwamba sufuria hufa.

Hata hivyo, ni wachache wajuao kwamba nyuma ya jina hilo alikuwako mtu halisi, aliyezaliwa na mama, akatiwa gerezani zaidi ya mara moja, na akafa katika mji uliokuwa umetoka tu kuzingirwa na majeshi. Maisha yake hayakuwa mzaha hata kidogo. Makala haya yanakusudia kumrudishia mtu huyo sehemu ya haki yake.

MWANA WA ASKARI

Jina lake hasa lilikuwa al-Hasan bin Hani al-Hakami. Alizaliwa karibu na mwaka 756 mjini Ahwaz, katika nchi ambayo leo ni Iran. Baba yake, Hani, alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa Banu Umayya, ambaye utawala wake uliangushwa na Banu Abbas mwaka 750. Kwa hiyo mtoto huyo alizaliwa katika nyumba ya askari wa upande ulioshindwa, na kila ayajuaye maisha ya kambini atafahamu uzito wa jambo hilo. Askari wa jeshi lililoshindwa hana wa kumwimbia. Tena baba huyo alifariki mapema mno, hata mwana hakupata kumjua.

Mama yake, Golban, alikuwa Mwajemi aliyejipatia riziki kwa kazi ya nguo. Alihamia pamoja na mwanawe Basra, mji wa bandari na wa wanazuoni, na inasimuliwa kwamba alimweka kwa muuza manukato ili ajifunze biashara. Mtoto alikuwa na vishungi viwili vya nywele vilivyoning'inia hadi mabegani, na kutokana na vishungi hivyo akaitwa Abu Nuwas. Waswahili, ambao ulimi wao hauridhiki mpaka neno liishie kwa irabu, wakamwita Abunuwasi.

MASHAIRI ELFU MOJA

Biashara ya manukato haikumweka. Mshairi mmoja wa Kufa, Waliba bin al-Hubab, alikitambua kipawa cha kijana huyo akamchukua awe mwanafunzi wake. Baadaye alikaa jangwani pamoja na Mabedui ili ajifunze Kiarabu fasaha kutoka vinywani mwa wenyewe, kama vile mtu atakaye kujua Kinyarwanda cha ndani aendavyo kukaa na wazee wachungaji wa ng'ombe.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Khalaf al-Ahmar wa Basra. Inasimuliwa kwamba Abunuwasi alipomwomba ruhusa ya kuanza kutunga, mwalimu alimwamuru kwanza ahifadhi mashairi elfu moja ya watu wa kale. Kijana akahifadhi, akarudi, akayasoma yote kwa moyo. Ndipo mwalimu akamwamuru akayasahau yote. Akajitenga na watu kwa muda mrefu mpaka mashairi yale yakafutika kichwani mwake kana kwamba hakuyasikia kamwe. Hapo ndipo alipopewa ruhusa. Iwe kisa hiki ni kweli tupu au kimetiwa chumvi, kinaeleza vema siri ya kazi yake yote. Aliwajua wahenga kikamilifu kabla ya kuthubutu kuwacheka.

KUWACHEKA WAHENGA

Mji wa Baghdad ulianzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762, na mwaka 786 utawala ulimfikia Harun al-Rashid. Katika siku hizo ndipo Abunuwasi alipowasili kutafuta wafadhili. Ilikuwa desturi ya washairi wa Kiarabu tangu enzi za kale kuanza utungo kwa kusimama penye magofu ya kambi iliyohamwa, na kulia machozi kwa ajili ya mpenzi aliyeondoka na kabila lake. Washairi wa Baghdad waliokaa katika nyumba za matofali, wasiopata kumfunga ngamia hata siku moja, nao walililia magofu ambayo hawajayaona.

Abunuwasi aliugeuza mtindo huo kuwa kichekesho. Mtu wake hakusimama penye magofu. Aliulizia njia ya kwenda kilabuni. Kwa vina vilevile na kwa mizani ileile ya mashujaa, akazisifu bilauri na kasiba. Wasikilizaji walicheka kwa sababu waliitambua ala ya upanga wakaona kilichochomolewa ndani yake ni mwiko.

Jambo hili si geni duniani. Huko Ulaya watoto hujifunza hadithi za miungu na mashujaa wa Wayunani kutoka katika vitabu vya katuni vya kuchekesha, ambamo Zeus mwenye radi huonekana kama mume anayeogopa kurudi nyumbani kwa mkewe Hera. Ajabu ni kwamba katika zama zilezile za Abunuwasi na baada yake wanazuoni wa Baghdad walikuwa wakitafsiri elimu ya Wayunani kwa bidii kubwa. Hata hivyo walichukua tiba, hesabu na falsafa, wakaiacha miungu palepale ilipokuwa. Utenzi wa Homeros juu ya vita vya Troya ulingoja hadi mwaka 1904 ndipo Sulayman al-Bustani alipouchapisha kwa Kiarabu.

Hapana haja ya kuficha kwamba mashairi ya mvinyo ndiyo yaliyompa Abunuwasi sifa kubwa, na kwamba aliyatunga kwa uzoefu. Lakini aliacha pia mashairi mazuri ya uwindaji, ya mbwa na kipanga, na mengine ya toba yenye majuto mazito kiasi kwamba msomaji hushangaa kuwa yametoka katika kalamu moja.

GEREZA NA UKIMBIZI

Katika hekaya zetu, Abunuwasi ni rafiki wa Harun al-Rashid, huingia ikulu apendapo na kutoka akicheka. Ukweli ulikuwa mwingine. Harun alimfunga gerezani kwa utungo uliowakejeli Waarabu wa makabila ya kaskazini, na khalifa mwenyewe alitoka katika nasaba hiyo. Mlango ulifungwa kwa kufuli la kweli, wala hakuna hila ya sufuria iliyoufungua.

Wafadhili wake wakubwa walikuwa Barmaki, ukoo wa mawaziri wenye asili ya mashariki ya Uajemi, ambao kwa miaka 17 waliendesha mambo ya dola. Mwaka 803, kwa usiku mmoja, Harun aliwageuka. Jaafar, kipenzi chake, akauawa, na jamaa zake wakafungwa na mali zao kutwaliwa. Katika saa kama hiyo mtu mwenye busara hutazama pembeni kana kwamba hakuwajua walioanguka. Inasemekana Abunuwasi alitunga maombolezo juu yao, kisha ikambidi akimbilie Misri, kwa al-Khasib, mkuu wa hazina ya huko. Mtu ambaye leo twamkumbuka kwa ujanja alishindwa, katika jambo hilo moja lililohitaji ujanja, kunyamaza.

VITA VYA NDUGU WAWILI

Harun alipofariki mwaka 809, mwanawe al-Amin alishika ukhalifa, na Abunuwasi, aliyekuwa amekwisha kurudi Baghdad, akawa mwandani wake. Hiyo ndiyo miaka yake ya neema, nayo haikudumu. Al-Amin na nduguye al-Ma'mun, aliyekuwa Khurasan, waligombea urithi wa baba yao kwa silaha. Katika vita maneno huenda mbele ya majeshi, na habari zasema kwamba wafuasi wa al-Ma'mun walimshutumu al-Amin hadharani kwa kukaa na mshairi mlevi. Al-Amin, ili kuzima shutuma hizo, alimtia rafiki yake gerezani. Hivyo ndivyo mashairi yaliyokuwa yakichekesha katika karamu yalivyogeuka risasi mikononi mwa adui.

Baghdad ilizingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, tangu mwaka 812 hadi 813. Mitaa iliteketea, na raia wengi waliangamia kwa mawe ya mitambo ya vita na kwa njaa. Al-Amin alikamatwa akauawa mwezi Septemba 813. Abunuwasi alimlilia bwana wake kwa mashairi yasiyo na kicheko hata kimoja. Safari hii magofu aliyosimama mbele yake yalikuwa ya kweli.

Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki Baghdad kati ya mwaka 813 na 815. Wengine husimulia kwamba alifia gerezani, wengine nyumbani kwa mwanamke muuza pombe, na wengine kwamba alipigwa na watu wa ukoo mmoja mkubwa kwa shairi la dhihaka aliloshukiwa kulitunga. Alizikwa katika makaburi ya Shunizi.

MSAFARA WA HEKAYA

Baada ya kifo chake ndipo Abunuwasi wa pili alipozaliwa. Wasimulizi walimtia katika Alfu Lela U Lela akiwa mwandani wa Harun. Mabaharia na wafanyabiashara wakamvusha Bahari ya Hindi, na katika upwa wetu akavaa kanzu na kuzungumza Kiswahili. Hekaya zake zilisimuliwa vibarazani, zikachapwa vitabuni, zikasomwa shuleni.

Huyu wa pili hashindwi. Sultani alipomwamuru ajenge nyumba angani, alirusha tiara yenye njuga. Watu walipoisikia milio juu, akawaambia kwamba mafundi wamekwisha kufika kazini na wanangoja mawe na chokaa. Kama Sultani hana wa kuvipeleka, kosa si la fundi. Tajiri alipodai fedha kwa maskini aliyekula mkate wake mkavu kwa harufu ya mchuzi wa jikoni mwake, Abunuwasi aliliza sarafu masikioni mwa tajiri, na ikahukumiwa kwamba harufu imelipwa kwa mlio.

Kwa nini watu walimfanya hivyo? Yaelekea ni kwa sababu wanyonge wa kila nchi walihitaji mtu mmoja awezaye kumjibu Sultani na bado akalala nyumbani kwake usiku huo. Mtu halisi hakuwapa hilo, basi wakalitunga. Wakamwosha mvinyo, wakamvua mashairi yake yote, wakambakishia ulimi.

Mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha kitabu cha katuni cha Kiswahili kiitwacho Abunuwasi. Mchoraji wake alikuwa Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Gado alikwisha kujulikana kwa kuwachora wakubwa wa siasa magazetini bila ya kuwapunguzia pua wala tumbo. Si ajabu kwamba mtu wa kazi hiyo alimchagua Abunuwasi. Watoto wa Ulaya wakiwa na Zeus wao wa kuchekesha, watoto wa Afrika Mashariki wana huyu, na kumcheka hakumkosei heshima.

Jina lake limefika hata juu zaidi. Mwaka 1976 wataalamu wa nyota waliliita Abu Nuwas shimo moja kubwa katika uso wa sayari ya Utaridi. Wazungu huiita sayari hiyo Mercury, kwa jina la Kirumi la yule ambaye Wayunani walimwita Hermes, mlinzi wa wasafiri, wachuuzi na wajanja, ambaye siku ya kuzaliwa kwake aliiba ng'ombe wa nduguye Apollo akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zao zidanganye. Wafugaji na wavusha bidhaa wa Rusizi wangemwelewa mara moja.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na watoto wengi wa hapa watakutana na Abunuwasi kitabuni badala ya kibarazani. Wasomewe hekaya ya sufuria, nao wacheke mpaka mbavu ziwaume. Kisha, watakapokuwa na umri wa kuelewa, mzazi au mwalimu awasimulie habari za mwana wa askari aliyeshindwa, aliyehifadhi mashairi elfu moja na kuyasahau, na ambaye waliompa chakula walipoanguka, aliwalilia kwa sauti huku wengine wakinyamaza.