Najdorf, bingwa wa sataranji aliyewatafuta watu wake kwa mchezo

Wapenzi wa sataranji kote duniani walijua jina la Najdorf. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya ubao wenye vyumba 64, kisha akafungua kitabu cha mchezo huo, hapana shaka amekutana nalo. Iko namna moja ya kuanza mchezo kwa upande wa kete nyeusi inayoitwa kwa jina lake, na mabingwa wa dunia kama Fischer na Kasparov waliitumia sana. Lakini mwenye jina hilo alikuwa mtu gani? Na ilikuwaje mtu aliyezaliwa Poland akafa akiwa raia wa Argentina, ng'ambo ya bahari? Jawabu limo katika safari moja ya meli, na katika vita vilivyozuka kabla hajarejea kwao.

Najdorf alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1910, katika mji wa Grodzisk Mazowiecki, karibu na Warsaw. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, wakamwita Mojsze Mendel. Wapoland walimjua kwa jina la Mieczysław. Sataranji alijifunza akiwa na umri wa miaka 14, jambo ambalo kwa mabingwa ni kuchelewa. Hata hivyo alipata walimu wazuri. Wa kwanza alikuwa Dawid Przepiórka, na baadaye Savielly Tartakower, ambaye Najdorf alimheshimu maisha yake yote. Mwaka wa 1935, mashindano ya mataifa yalipofanyika mjini Warsaw, kijana huyu alikuwa tayari ni mchezaji wa timu ya taifa lake. Akaoa, akapata binti.

Mwaka wa 1939 mashindano hayo ya mataifa yalipangwa kufanywa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kutoka nje ya Ulaya. Mwisho wa mwezi wa Julai wachezaji wengi wa Ulaya walipanda meli moja, Piriápolis, katika bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji. Najdorf alikuwamo. Mkewe, Genia, na binti yao mdogo walibaki Poland. Safari ilichukua majuma matatu, na meli ikatia nanga Buenos Aires mnamo tarehe 21 Agosti. Timu 27 ziliingia uwanjani, na mchezo ulifanyika katika jumba la maonyesho la Politeama.

Raundi za mchujo zilikwisha salama. Kisha ikafika tarehe 1 Septemba. Siku hiyo majeshi ya Hitler yaliingia Poland, na siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita. Hebu fikiria, ewe msomaji, hali ilivyokuwa ndani ya jumba lile. Mjerumani na Mpoland wamo chumba kimoja, na nchi zao zimo vitani. Timu ya Uingereza ilijitoa mashindanoni. Waliosalia walikaa wakatafuta njia. Wakakubaliana kwamba Wajerumani hawatacheza na Wapoland, wala na Wafaransa, wala na timu iliyotoka Palestina, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Waingereza. Mechi hizo zilihesabiwa suluhu, pointi mbili kwa mbili, bila kete kuguswa.

Mashindano yakaendelea hivyo hadi tarehe 19 Septemba. Najdorf alicheza huku mji wa Warsaw ukipigwa mabomu kila siku, naye hajui mkewe na mwanawe wamelala wapi. Juu ya hayo, hakuna aliyempita katika ubao wa pili, akapewa nishani ya dhahabu. Ujerumani ilitoka ya kwanza kwa pointi 36, na Poland ya pili kwa pointi 35 na nusu. Baina ya nchi iliyovamia na nchi iliyovamiwa palikuwa na nusu pointi tu, na mechi yao wenyewe haikuchezwa.

Sherehe ilipokwisha likaja swali zito zaidi: kurudi wapi? Wachezaji wote watano wa Ujerumani walibaki Amerika ya Kusini. Wengine wengi kutoka Ulaya wakafanya vivyo hivyo. Tartakower alirudi Ulaya, akaenda kupigana upande wa Wafaransa huru wa Jenerali de Gaulle. Vera Menchik, bingwa wa wanawake wa dunia ambaye alishinda tena katika mji ule ule, alirudi Uingereza, na mwaka wa 1944 kombora la Wajerumani lilianguka juu ya nyumba yake mjini London, likamuua yeye, mama yake na dada yake. Najdorf alibaki. Kwa Myahudi kurudi Poland siku zile ilikuwa ni kujipeleka kwa mwuaji. Mwalimu wake wa kwanza, Przepiórka, alikamatwa Warsaw mwanzoni mwa mwaka wa 1940 pamoja na wenzake waliokusanyika kucheza sataranji, kisha akauawa huko Palmiry.

Kufukuzwa kwao si habari ngeni kwetu hapa Kenya. Katika miaka hiyo hiyo ya vita serikali ya kikoloni iliwahamishia familia za Wakikuyu huko Olenguruone, upande wa Nakuru, na kufikia mwaka wa 1950 ikawatoa tena kwa nguvu, wengi wao wakapelekwa Yatta. Hayo yalikuwa mateso makubwa. Lakini mtu aliyetolewa Olenguruone aliweza kumwuliza jirani yake habari za mkewe au mtoto wake, akajibiwa. Najdorf hakuwa na wa kumwuliza. Alikuwa ng'ambo, hajui lugha ya wenyeji, mfukoni hana kitu, na habari za nyumbani zimekatika kabisa.

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo ndilo hasa linalotufanya tumkumbuke. Aliona kwamba barua haifiki, lakini habari ya ajabu huruka mipaka. Kama atafanya jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyepata kulifanya, magazeti na redio za dunia zitalitangaza. Huenda likasikika Ujerumani, au Urusi, au Poland. Huenda mkewe, au mzazi, au ndugu mmojawapo akalisikia jina la Najdorf, akajua kwamba yu hai na yuko Argentina.

Jambo lenyewe lilikuwa kucheza sataranji bila kutazama ubao. Sanaa hii ni ya zamani, na wa kwanza kusifika nayo hawakuwa Wazungu. Sataranji ilitoka India ikaenda Uajemi, Waarabu wakaipokea, na kutoka kwao ikaingia Ulaya na kufika pwani yetu pamoja na jina lake la Kiarabu. Masheikh wa madhehebu ya Imam Shafi waliihesabu kuwa makuruhu, na ikiingia kamari au ikimpotezea mtu sala, huwa haramu. Hata hivyo vitabu vya kale vinamtaja Said bin Jubeir, yule tabiina mwanachuoni aliyeuawa na Hajjaj mwaka wa 95 Hijria, kwamba alikuwa akiicheza hali ameupa ubao mgongo. Alitajiwa kete iliyosogezwa, naye akataja ya kujibu.

Said alicheza hivyo na mtu mmoja. Najdorf alitaka kucheza hivyo na watu 40 kwa wakati mmoja. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya Mbelgiji Koltanowski, aliyecheza na watu 34 mjini Edinburgh mwaka wa 1937. Mwezi wa Oktoba, 1943, katika mji wa Rosario, Najdorf alikaa bila kuona ubao hata mmoja, akaanza. Mbao 40 zina kete 1,280, na zote ilimpasa azishike kichwani, ajue kila moja imesimama wapi. Alicheza kwa zaidi ya saa 17. Alishinda mara 36, akatoka suluhu mara moja, na kufungwa mara tatu.

Habari zilitangazwa. Hakuna aliyejibu.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945 na njia za Ulaya zikafunguka, alikwenda kuwatafuta. Ndipo alipojua ukweli. Mkewe, binti yake, wazazi wake na ndugu zake, wote walikuwa wameuawa na Wanazi. Watu aliokuwa akiwaita kwa mchezo ule wa Rosario hawakuwapo kuusikia mwito.

Mtu mwingine angaliuchukia ubao. Najdorf hakuuacha. Mwezi wa Januari, 1947, mjini São Paulo nchini Brazil, alicheza tena bila kutazama, safari hii na watu 45, kwa muda wa zaidi ya saa 23. Alishinda 39, akatoka suluhu na wanne, akafungwa na wawili. Rekodi hiyo ilisimama hadi mwaka wa 2011, Mjerumani mmoja alipocheza na watu 46.

Maisha yake mapya aliyajenga Argentina. Alikuwa amepewa uraia mwaka wa 1944, akajiita Miguel. Alifanya kazi ya kuuza bima, ikamletea mali nyingi. Akaoa tena, akapata mabinti wawili. Mwaka wa 1946 alimshinda Botvinnik wa Urusi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Aliiongoza timu ya Argentina kushika nafasi ya pili duniani mara tatu, mwaka wa 1950, 1952 na 1954. Mwaka wa 1970, akiwa mzee wa karibu miaka 60, alikabiliana na Tal, bingwa wa zamani wa dunia, katika michezo minne, wakatoka sawa kwa sawa. Alicheza hata na Che Guevara kule Havana. Watu walimjua kwa ucheshi na maneno mengi, mtu asiyeweza kukaa kimya hata mchezo ukiendelea. Alifariki tarehe 4 Julai, 1997, katika mji wa Málaga, Hispania.

Wanaocheza siku hizi hulitaja jina lake kila wanapoufungua mchezo kwa namna yake, na wengi hawajui habari hizi. Yafaa wazijue. Safari ya kwenda kucheza ilimwokoa Najdorf roho yake, na safari hiyo hiyo ikamtenga na watu wake milele. Akili aliyojaaliwa aliitumia kuwatafuta kwa njia pekee iliyobaki wazi mbele yake. Hakuwapata, lakini hakuna awezaye kusema kwamba hakuwatafuta.